Kilobaiti Mbili za Mjukuu

Nchi ninayotaka kuwaeleza haipakani na yenu wala haifanani nayo kwa lolote, kwa hiyo msianze kutazamana. Inaitwa Jamhuri ya Mrundiko. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri arobaini na saba, na ina sheria moja ambayo kila mwananchi anaijua kwa kichwa, hata yule asiyejua jina la diwani wake: Hakuna Kinachofutwa.

Aliyeitunga sheria hiyo alikuwa na nia njema. Serikali iliyotangulia ilikuwa na mazoea ya kupoteza mafaili, hasa yale yaliyotakiwa mahakamani kesho yake. Basi serikali mpya ikajenga Ghala la Matoleo, jumba lenye kompyuta zinazovuma kutwa na viyoyozi ambavyo hospitali zote za nchi hazijawahi kuviona, ikaamuru kila waraka wa taifa uhifadhiwe humo pamoja na kila toleo lake. Ukibadilisha neno, toleo jipya linaingia na la zamani linabaki. Ukijuta na kulirudisha neno lile lile, hilo ni toleo la tatu.

Wananchi wakaipenda sana sheria hiyo. Na kwa kuwa watu wa Mrundiko hawawezi kupenda kitu bila kukigeuza mashindano, haikupita miaka mitano wakaanza kupimana kwa nafasi ambayo kila mtu ameichukua ghalani. Uzito wa mtu haukuwa tena elimu yake wala ng'ombe zake, ulikuwa gigabaiti zake. Posa zilianza na swali hilo. Misibani, wasifu wa marehemu ulimalizikia hapo. Na harusini, mshereheshaji alisimama mlangoni na orodha, akatangaza kila mgeni kwa uzito wake: wazito mbele, kwenye viti vilivyovishwa vitambaa, wepesi nyuma karibu na kreti za soda.

Bwana Kondo Mbwilo alikuwa amekaa karibu na kreti za soda kwa miaka kumi na tisa.

Jambo hilo lilimuuma zaidi kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mtumishi wa Ghala. Kazi yake ilikuwa kusahihisha maandishi ya sheria, na hakuna aliyemzidi kwa umakini. Lakini maandishi ni mepesi. Ukihamisha koma, Ghala huhifadhi ile koma tu. Miaka kumi na tisa ya kazi safi ilikuwa imempatia megabaiti kumi na moja, na kila mshereheshaji alilitamka neno "megabaiti" kwa sauti ya chini, kama anayetaja ugonjwa wa mtu mbele ya wakwe.

Ofisini, kwenye meza ya pili, hatua tatu kutoka yake, alikaa Bwana Erasto Nyenyembe, gigabaiti mia tisa.

Tusizunguke. Kondo alimwonea Nyenyembe wivu wa kuchachusha chai kikombeni. Alimwonea wivu wa uzito, wa kiti cha mbele, wa kicheko, wa kuitwa jina na dereva wa Waziri. Nyenyembe alikuwa na desturi ya kumenya chungwa kila saa nne asubuhi, na ganda lilitoka lote kwa mzunguko mmoja bila kukatika. Kondo aliwahi kununua machungwa kilo tatu akajifungia nyumbani kujaribu. Yalikatika yote.

Uzito wenyewe Nyenyembe aliupata hivi. Alikuwa mpiga filamu wa Waziri wa Matoleo, Mheshimiwa Lwitiko Mwakapopo. Karibu miaka tisa nyuma Waziri alihutubia kijiji cha Kilimatembo kwa saa tatu mfululizo, na Nyenyembe akarekodi. Sasa, filamu si kama maandishi. Ukikata kikohozi kimoja tu, Ghala huihifadhi filamu yote upya, nzima nzima, gigabaiti mbili, na kwenye rejista hubaki kikaratasi kinachosema ile filamu kubwa iko diski gani. Waziri alikuwa mkohozi. Nyenyembe alikata kikohozi kimoja kila wiki. Sasa hotuba ilikuwa na matoleo mia nne na hamsini.

"Ndugu yangu Mbwilo," Nyenyembe humwambia kwa upole, akimega chungwa, "kosa lako ni kwamba unaandika. Wewe zisome sheria zako mbele ya kamera, halafu ukohoe."

Alisema kwa nia njema kabisa. Ndiyo maana Kondo hakuwahi kumsamehe.

*

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, karani wa vizazi alibonyeza kitufe cha kusajili mtoto, kompyuta ikamjibu: Hakuna nafasi. Cheti cha kuzaliwa cha Mrundiko kinachukua kilobaiti mbili. Walitafuta nchi nzima, hazikupatikana.

Serikali haikubabaika. Mchana ule ule Waziri Mwakapopo alizungumza redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, akakohoa, "napenda kuwafahamisha kwamba kuzaliwa kumesitishwa kwa muda. Wajawazito waonyeshe uzalendo. Wale ambao wameshazaliwa bila idhini wasiwe na hofu, wasubiri walipo."

Watoto hawakuonyesha uzalendo wowote, waliendelea kuja. Ikabidi waandikwe kwa chaki kwenye ubao nje ya Ghala, wote kwa jina moja la Bado: Bado wa kwanza, Bado wa pili, na kuendelea. Bado hakuruhusiwa kuchanjwa, kwa maana chanjo hupewa mtu, na mtu ni yule aliyemo kwenye rejista. Wafu nao hawakuweza kuandikwa kwamba wamekufa, hivyo waliendelea kuhesabiwa kwenye mikutano ya hadhara, na taarifa za serikali zilisifu mahudhurio.

Bado wa elfu tatu mia moja na kumi na nane alikuwa mjukuu wa Kondo.

Mama yake, Siwazuri, binti pekee wa Kondo, alikuwa mwalimu huko huko Kilimatembo. Alijifungulia kwenye benchi la zahanati kwa sababu wodi ya wazazi haikuwepo, ingawa wazee wa kijiji waliapa kwamba kuna mkubwa mmoja aliwahi kuiahidi. Kondo alikwenda kumwona mtoto, akampakata, akafanya utani ambao kila babu hufanya.

"Huyu mke wangu mdogo mbona hana nywele? Mimi mahari nilitoa kamili!"

Mtoto akamshika kidole. Kondo, ambaye moyo wake ulikuwa na chumba kimoja tu na humo akikaa Nyenyembe, alihisi kuna mtu mwingine amebisha hodi.

"Baba," Siwazuri alisema, hakucheka, "kifaduro kimeingia vijiji vya jirani. Chanjo yake ni akifika wiki sita. Nesi amesema bila namba hamgusi. Wewe uko ghalani. Ni kilobaiti mbili tu, baba."

"Siku nafasi ikipatikana," Kondo aliapa, "mke wangu atakuwa wa kwanza kuandikwa. Fomu yake nipe sasa hivi." Akaijaza pale pale kwa mwandiko wake mzuri, akaikunja, akaitia mfuko wa shati.

*

Waziri aliunda tume. Tume iliandika ripoti ya kurasa mia sita, lakini ripoti ikakosa nafasi ya kuhifadhiwa, na kwa mujibu wa sheria kisichohifadhiwa hakipo, kwa hiyo tume ikaulizwa mbona haijaanza kazi. Ndipo Kondo alipompelekea Waziri mistari mitatu tu, kwa kalamu. Alieleza kwamba mafaili makubwa ya zamani, ambayo hakuna waraka wa sasa unaoyatumia, yanaweza kuondolewa, mradi nakala zake ziwepo Ghala Kuu, lile la akiba kule Mlimani. Vikaratasi vitabaki rejistani. Vitu vyenyewe vitapumzika.

"Kwa hiyo hatufuti," Waziri alisema kwa tahadhari.

"Hatufuti, Mheshimiwa. Tunapogoa. Tunaacha tu kuwa navyo."

Waziri aliirudia sentensi hiyo mara mbili kwa furaha. Kesho yake Operesheni Pogoa ikazinduliwa kwa ngoma, na Kondo akavishwa kofia ya kijani yenye maandishi ya dhahabu: Mpogoaji Mkuu wa Taifa. Alikaa mbele ya kompyuta, akaagiza orodha ya mafaili makubwa yasiyotumika. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa Nyenyembe, E. La pili pia. Na la tatu. Kondo alisogeza chini kurasa kumi na mbili, polepole, kama mtu anayesoma barua ya mapenzi.

Utaratibu ulitaka kila faili liulizwe kwanza Ghala Kuu: Mnalo? Wakijibu Tunalo, unapogoa. Kondo aliuliza la kwanza. Jibu likaja kabla hajaondoa kidole: Tunalo. La pili, Tunalo. La tatu, Tunalo. Kondo aliyefanya kazi serikalini miaka kumi na tisa alijua kwamba Mrundiko hakuna anayejibu haraka namna hiyo kama ametazama. Akawatega. Akauliza kuhusu faili la filamu ya Waziri akiogelea na viboko, faili ambalo hakuna aliyewahi kulitengeneza.

Tunalo, walijibu Ghala Kuu.

Nao walikuwa na wivu wao, maskini. Kukiri kwamba hawana kitu ambacho ghala la mjini linacho kungewaaibisha mbele ya taifa. Hapo Kondo alipaswa kusimama. Yeye ndiye aliyeiandika ile kanuni, na koma zake alizipanga mwenyewe. Alijua kabisa kwamba akiendelea, hicho kinachoondoka hakirudi.

Nyenyembe alikuja akasimama nyuma ya kiti chake.

"Ndugu yangu, mengine yote pogoa. Toleo la kwanza niachie. Moja tu."

"Kwa nini?" Kondo aliuliza bila kugeuka.

"Ndilo lenye hotuba yenyewe. Waziri hakutaka vikohozi tu vikatwe, alitaka na maneno. Kila wiki neno mbili tatu, na pale nilipokata nikajaza makofi. Hili la mwisho ni salamu, makofi ya saa tatu, na ahsanteni. Lakini la kwanza ameahidi wodi ya wazazi Kilimatembo, kwa mdomo wake, na tarehe ameitaja." Akainama karibu na sikio lake. "Si mwanao yuko kule?"

Mtu mwingine angeyasikia maneno hayo yote. Kondo alisikia tu kwamba Nyenyembe anaomba kubakizwa na gigabaiti nne badala ya mbili.

"Sheria ni sheria, ndugu," alisema, akabonyeza.

Matoleo mia nne arobaini na tisa yakaondoka kwa muda wa kupiga chafya. Pamoja na makorokoro ya watu wengine, nafasi iliyopatikana ilikuwa gigabaiti mia tisa na tatu. Nyenyembe alibaki na mbili. Kondo aligeuka ili auone uso wake. Nyenyembe alikuwa amerudi mezani, anachagua chungwa.

*

Ilikuwa Alhamisi, saa tano asubuhi. Kondo akaitoa fomu ya mjukuu, akaifungua, akainyoosha kwa kiganja. Alikuwa ameshaandika herufi ya kwanza ya jina la Siwazuri pale Waziri alipoingia na walinzi wake sita.

"Lile toleo la kwanza limekwenda?"

"Liko Ghala Kuu, Mheshimiwa."

Waziri alicheka mpaka akakohoa. "Ghala Kuu wameniandikia leo wakiniomba nakala! Mbwilo, wewe ni hazina." Akamwekea mkono begani. "Nakupa ruhusa ya kuhifadhi filamu ya operesheni hii, kwa kumbukumbu ya taifa, bila kikomo cha ukubwa. Na keshokutwa namwoza mwanangu. Karibu. Orodha ya wageni na uzito wao inafungwa leo saa kumi jioni."

Bila kikomo cha ukubwa. Kondo aliikunja fomu, akairudisha mfukoni kwa uangalifu. Ingesubiri kidogo.

Filamu ya gigabaiti tatu ingetosha kabisa kumpita Nyenyembe, aliyebaki na mbili. Nawaombeni mlikumbuke hilo, kwa sababu Kondo hakulikumbuka. Yeye hakutaka kumpita Nyenyembe wa leo, aliyekwisha nyauka. Alitaka kumpita yule wa gigabaiti mia tisa, yule aliyekaa mbele miaka yote akimpungia mkono.

Shida ilikuwa moja. Ghalani mpiga filamu alikuwa mmoja.

"Nitakurekodi, kwa nini nisikurekodi," alisema Nyenyembe, akajifuta mikono.

Wakaigiza upya kubonyeza kitufe. Kamera tatu, picha safi hata vinyweleo vya kidole vikahesabika, mwendo wa polepole. "Simama pale nyuma," Kondo alimwambia, "kamera ziache zijiendeshe zenyewe. Uhuzunike kidogo." Nyenyembe alijaribu, lakini uso wake haukuwa na mazoea. Filamu ikafika gigabaiti mia tatu na moja. Kondo akaihifadhi, akaitazama, akajigundua amekohoa. Akakikata kikohozi, akahifadhi tena: mia sita na mbili. Akatafuta kikohozi kingine, hakukiona. Akakaa mbele ya kamera akakohoa kwa makusudi, akakiingiza, akakikata, akahifadhi mara ya tatu.

Mia tisa na tatu. Saa kumi kasoro dakika mbili. Alituma uzito wake kwa mshereheshaji huku machozi yakimlengalenga.

Kisha akaitoa fomu, akaandika jina la mama, jina la kijiji, tarehe, akabonyeza. Ghala lilikuwa limebakiwa na kilobaiti moja.

Hakuna nafasi.

*

Ijumaa asubuhi Siwazuri alifika ghalani na mtoto mgongoni, wamekuja kwa lori la mkaa.

"Redio imesema nafasi imepatikana, baba."

"Ilipatikana."

"Imekwenda wapi?"

Kondo alitazama skrini. Nyenyembe ndiye aliyejibu, taratibu, bila kumsuta mtu. "Kuna filamu ya babu yake, mwalimu. Ina matoleo matatu, mawili ya mwanzo hayatumiki. Kanuni inaruhusu mwenye mali kulipogoa lake kwa sahihi yake tu. Akitia sahihi moja, mtoto anazaliwa sasa hivi."

Siwazuri alimgeukia baba yake. Alimfungua mtoto mgongoni, akampakata mbele yake.

Kondo alishika kalamu. Mkono mwingine ulikuwa mfukoni, umeshika kadi ya mwaliko iliyoletwa alfajiri: Bwana Kondo Mbwilo, Mpogoaji Mkuu, gigabaiti mia tisa na tatu. Akilipogoa toleo moja angebaki na mia sita na mbili. Bado angekaa mbele, bado angekuwa na mara mia tatu ya uzito wa Nyenyembe. Lakini kuna watu harusini wangesema, mbona yule wa zamani alifika mia tisa?

"Jumatatu," alisema. "Harusi ni kesho. Jumatatu nafika saa moja kamili napogoa yote."

"Nesi wa chanjo anakuja kesho, baba. Akiondoka harudi mpaka mwezi ujao."

"Ana siku ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Basi ni mdogo sana huyu," Kondo alisema, akimtekenya mtoto kidevu. "Mke wangu hana haraka."

Mtoto akakohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo, kimoja, na hakikuwa na uzito wowote ghalani. Lakini ganda la chungwa mkononi mwa Nyenyembe lilikatika.

*

Jumamosi mchana, mshereheshaji wa harusi ya mtoto wa Waziri alivuta pumzi kabla ya kusoma. "Mabibi na mabwana, tunaye Bwana Kondo Mbwilo, gigabaiti mia tisa na tatu!" Ukumbi ukasimama. Akina mama wakapiga vigelegele. Kondo alitembea mpaka kiti cha mbele chenye kitambaa cheupe na utepe, akaketi, akaletewa sinia la pilau na paja zima la mbuzi.

Kabla hajanawa mikono akageuka kutazama nyuma, kwenye kreti za soda. Hilo ndilo tonge alilokuwa amelisubiri miaka kumi na tisa. Lakini kiti alichowekewa Nyenyembe kilikuwa kitupu.

Simu ikatikisika mfukoni. Siwazuri alikuwa amemtumia picha mbili.

Ya kwanza ilikuwa ubao wa nje ya Ghala, umefutwa chaki yote. Chini yake aliandika: "Bwana Nyenyembe ametia sahihi asubuhi hii. Amepogoa zile mbili zake za mwisho. Zimetosha watoto wote na zimebaki. Sasa hana kitu."

Ya pili ilikuwa zahanati ya Kilimatembo. Kwenye lile benchi alikaa Nyenyembe, kilobaiti sifuri, ameukunja mkono wa shati, amempakata mtoto anayelia kwa uchungu wa sindano. Kidole chake kimoja kilikuwa kimeshikwa. Kando ya benchi kulikuwa na chungwa lililomenywa na cheti kipya, na Kondo aliikuza picha kwa vidole mpaka akasoma: Jina, Nafasi. Aliyemwezesha kuzaliwa, Erasto Nyenyembe.

Mshereheshaji alikuwa bado anamsifu. Pilau ilikuwa inapoa. Bwana Kondo Mbwilo, mtu mzito kuliko wote nchini, aliitazama ile picha mbele ya ukumbi mzima, akaona wivu ambao hajawahi kuuona tangu azaliwe.